Shahidi wa Uongo Akiwa Mkubwa wa Watu

Somo la Amri ya Tisa. Tusome kwanza: 1 Wafalme 21:1–16, Esta 3:1–11, Mithali 22:1.



Tulipofika Amri ya Tisa katika mafundisho yetu ya jioni, mama mmoja aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. Alisema, "Jirani yangu akinisingizia, njia naijua. Nitamwendea yeye mwenyewe, kisha nitakwenda na watu wawili, kisha nitalileta neno kanisani, kama tunavyofundishwa katika Mathayo 18. Lakini anayenisingizia akiwa ni mkubwa, mtu wa kusikilizwa na maelfu, nami simjui ila kwa picha, nitakwenda wapi?" Tuliahidi kumjibu katika gazeti hili. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunaomba radhi mapema kwamba si jibu tamu.

Na tuanze na Nabothi. Wengi wetu tumezoea kuisoma habari yake kama habari ya tamaa ya shamba, na ndivyo ilivyo. Safari hii tuisome kama habari ya kesi. Yezebeli hakutuma wauaji usiku. Aliandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, akawapelekea wazee na watu wenye cheo waliokaa mji mmoja na Nabothi. Aliagiza mbiu ya kufunga ipigwe, kana kwamba ni jambo la dini, na mashahidi wawe wawili. Kwa nini wawili? Kwa sababu ndivyo Torati inavyodai (Kumbukumbu la Torati 17:6). Basi mtu angepekua kumbukumbu za baraza lile asingeona kasoro: baraza lilikaa, mashahidi walitimia, hukumu ikatolewa. Ushahidi wote ulikuwepo, nao wote ulikuwa uongo. Wale mashahidi hata majina hawatajwi. Na wale wazee, ambao bila shaka walimjua Nabothi na shamba la baba zake, hatusomi kwamba hata mmoja alisimama akasema, "Mtu huyu tunamjua."

Twaona basi kwamba uongo wa mkubwa hautembei peke yake. Hubebwa na muhuri, na hupokewa na watu wa kawaida.

Sasa tutazame mambo ya siku zetu. Tumechagua habari mbili za Marekani, si kwa kuwa huko ndiko kwenye uongo mwingi kuliko kwetu, bali kwa kuwa habari zenyewe zilielezwa peupe, mahakamani na magazetini, hivyo twaweza kuzisema bila sisi nasi kuanguka katika kosa tunalolikataza. Na hatuna ugomvi na chama chochote cha huko.

Katika uchaguzi wa urais wa Novemba 2020, mama mmoja aitwaye Ruby Freeman na binti yake, Shaye Moss, walikuwa makarani wa kuhesabu kura mjini Atlanta, jimbo la Georgia. Binti alikuwa amefanya kazi ya uchaguzi karibu miaka kumi. Mama alikuja kusaidia kwa muda tu. Mama huyu alikuwa na biashara yake ndogo, na watu walimwita Lady Ruby, naye akiipenda sana fulana yake iliyoandikwa jina hilo. Tulikumbuke jambo la fulana, tutalirudia.

Rais Donald Trump alishindwa katika jimbo lile kwa kura 11,779. Mwezi wa Desemba mwanasheria wake, Rudy Giuliani, aliyewahi kuwa meya wa New York, aliwaambia wabunge wa jimbo kwamba picha za kamera zilionyesha wanawake hawa wakifanya wizi wa kura. Alidai kwamba walipitishiana vijiti vya kuhifadhia habari za kompyuta kama watu wanaopitishiana dawa za kulevya. Kitu chenyewe mama alichompa binti yake kilikuwa pipi ya tangawizi. Wasimamizi wa uchaguzi waliitazama picha yote tangu mwanzo hadi mwisho, wakaeleza mara moja kwamba hapakuwa na wizi. Kura zilihesabiwa mara tatu, mara moja kwa mkono. Hayo yote hayakuuzuia uvumi. Tarehe 2 Januari 2021 Rais mwenyewe, akizungumza kwa simu na mkuu wa uchaguzi wa jimbo, alilitaja jina la mama Freeman mara 18.

Yaliyofuata waliyaeleza wenyewe kwa kiapo mbele ya kamati ya Bunge, Juni 2022. Vitisho vya kuuawa viliingia kwa mamia, vingi vyenye matusi ya rangi. Watu walifika nyumbani kwa bibi yake Shaye, wakitaka kuingia ndani kumkamata Shaye na mama yake. Polisi wa upelelezi wa FBI walimshauri mama Freeman aihame nyumba yake, naye akakaa mbali kiasi cha miezi miwili. Binti aliacha kazi. Na ile fulana? Mama alisema kwamba haivai tena. Akiwa dukani, mtu anayemjua akiliita jina lake kwa sauti, yeye huingiwa na hofu asije mwingine akalisikia. Mithali 22:1 yatufundisha kwamba jina jema ni la kuchaguliwa kuliko mali nyingi. Huyu mama hakunyang'anywa mali kwanza. Alinyang'anywa jina, hata akaogopa kuitwa kwalo.

Tukisoma hivyo, kila mmoja wetu atasema, "Kesi hii ni nyepesi. Ampeleke mahakamani." Hapo ndipo ugumu unapoanza, na lazima tueleze kwa nini, kwa maana ugumu huu haukuwekwa na watu wabaya.

Mwaka 1960 marafiki wa Martin Luther King walilipia tangazo katika gazeti la New York Times, wakiomba fedha za kumtetea mahakamani. Tangazo lilikuwa na makosa madogo. Lilisema kwamba King alikuwa amekamatwa mara saba, kumbe ni mara nne, na mengine ya namna hiyo. Mkuu mmoja wa mji wa Montgomery, L. B. Sullivan, ambaye hata jina lake halikutajwa humo, alidai kwamba amechafuliwa. Mahakama ya Alabama ikampa dola 500,000. Walioshtakiwa pamoja na gazeti walikuwa wachungaji wanne weusi, Ralph Abernathy, Fred Shuttlesworth, Joseph Lowery na Solomon Seay, ambao majina yao yaliwekwa katika tangazo bila wao kuulizwa. Baadhi yao walikamatiwa magari ili deni lilipwe. Fikirini, ndugu: sheria ya kulinda jina ikawa fimbo ya kuwapigia watumishi wa Mungu waliodai haki.

Ndipo Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile, tarehe 9 Machi 1964, ikaitengua hukumu hiyo kwa sauti moja. Ikaamua kwamba mtu mwenye madaraka akidai kashfa, haitoshi aonyeshe kuwa maneno yalikuwa si kweli. Hana budi kuthibitisha kwamba msemaji alijua ni uongo, au hakujali kabisa kama ni kweli ama uongo. Baadaye kanuni hiyo ilienezwa kwa watu mashuhuri wote. Watu wa kawaida waliwekewa mzigo mwepesi kidogo tangu kesi nyingine ya mwaka 1974, lakini hata wao wakitaka fidia kubwa ya kumwadhibu msemaji, lazima waingie moyoni mwake na kuonyesha alichokijua.

Na nani awezaye kuingia moyoni mwa mtu? Mkubwa husema, "Nilielezwa hivyo na watu wengi." Au husema, "Hayo yalikuwa maoni yangu." Au huuliza tu, "Je, si kweli kwamba ...?" na swali si tamko. Tena ana mahali pa kujificha. Bungeni, kwa desturi iliyotoka Uingereza tangu mwaka 1689, mbunge hashtakiwi kwa neno alilolisema katika kikao. Kuna kisa cha Seneta William Proxmire, aliyemdhihaki mtaalamu mmoja wa tabia za nyani kuwa anafuja fedha za serikali. Mwaka 1979 mahakama ilisema kwamba kwa maneno yale yale, yakisemwa ndani ya Baraza la Seneti amekingwa. Yakichapwa katika barua za kuwapelekea wananchi hakukingwa. Kinga ile ina sababu yake njema, kwa maana bila hiyo hakuna mbunge ambaye angethubutu kumtaja mwizi mwenye nguvu. Lakini kinga haiulizi anayejikinga ni nani.

Hili ndilo tulilotaka mlishike katika somo hili. Ua uliojengwa ili mnyonge aweze kusema juu ya mkubwa ni ua ule ule ambao mkubwa husimama nyuma yake akisema juu ya mnyonge. Ukiubomoa ili kumfikia mmoja, umemwacha wazi mwingine. Sisi, kwa maoni yetu, tungeuacha usimame, ijapokuwa tunajua ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye hajasingiziwa.

Mama Freeman na binti yake walishinda. Walifungua madai Desemba 2021. Angalieni walivyoshinda. Mdaiwa hakutoa karatasi na kumbukumbu alizoagizwa, hivyo Agosti 2023 jaji alimhukumu kwa kosa la kuzificha, bila kufikia kuupima moyo wake. Mwezi Julai alikuwa amekwisha kukiri kwa maandishi kwamba hatapinga kuwa maneno yake hayakuwa ya kweli, huku akishikilia kuwa yanalindwa na uhuru wa kusema. Desemba 2023 raia walioketi kama waamuzi waliwapa wanawake hao dola milioni 148. Siku ya kwanza ya kusikilizwa fidia hiyo, mdaiwa alitoka nje akawaambia waandishi wa habari kwamba yote aliyoyasema ni kweli. Siku chache baada ya hukumu akatangaza kufilisika. Mambo yalimalizika kwa mapatano Januari 2025: alibaki na nyumba zake, akalipa kiasi ambacho hakikutangazwa, akaahidi kutowachafua tena jina. Miaka minne ilikuwa imepita. Na hawa walikuwa na picha ya kamera, mashahidi wa serikali, na mawakili hodari.

Je, aliyesingiziwa bila kutajwa jina? Hapa tumwangalie Hamani. Katika Esta 3:8 anamwendea mfalme akimwambia habari za watu fulani waliotawanyika katika ufalme, wenye sheria zao tofauti. Hasemi ni nani. Hamtaji hata Mordekai, ambaye ndiye chanzo cha hasira yake. Mfalme naye hamuulizi, anavua pete na kumpa.

Mji wa Springfield, jimbo la Ohio, una watu wapatao 60,000. Katika miaka ya karibuni walihamia humo watu wa Haiti, waliokadiriwa kuwa kati ya 12,000 na 20,000, wengi wakifanya kazi viwandani. Tuseme hapa kwamba watu wa Haiti si wageni kwa Waanglikana. James Theodore Holly, Mmarekani mweusi, alikwenda huko mwaka 1861, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, na dayosisi ya Haiti huhesabiwa kuwa kubwa kwa idadi ya waumini kuliko zote za Kanisa la Episkopo la Marekani.

Mwaka 2024 mwanamke mmoja wa mji ule aliandika katika mtandao kwamba paka wa mtu fulani ameliwa na majirani wa Haiti. Hakuona. Alisikia kwa jirani, naye jirani alisikia kwa mtu mwingine. Baadaye alijuta hadharani. Lakini tarehe 9 Septemba mgombea wa umakamu wa rais, J. D. Vance, alikuwa ameichukua habari kama hiyo na kuieneza. Siku ile ile polisi wa mji walisema kwamba hawana taarifa yoyote ya kuaminika. Kesho yake Bwana Trump aliisema katika mdahalo wa televisheni uliotazamwa na watu zaidi ya milioni 67. Siku chache baadaye Bwana Vance, akiulizwa kwenye televisheni, alijibu kwa maneno yenye maana kwamba ikibidi kutunga habari ili magazeti yatazame taabu za wananchi, atafanya hivyo. Kisha akajieleza kwamba maana yake ni kuivuta macho ya watu, na kwamba habari aliipata kwa wapiga kura wake.

Matunda yake yalikuwa vitisho vya mabomu visivyopungua 33. Vyote vilikuwa vya uongo, lakini watoto walitolewa mbio madarasani, na askari wa jimbo ikabidi walinde shule. Gavana Mike DeWine, wa chama kile kile cha wasemaji na mzaliwa wa Springfield, alisimama akasema kwamba habari ile haina ushahidi na kwamba Wahaiti wale wamekuja kufanya kazi. Tunamtaja kwa heshima. Wazee wa mji wa Nabothi hawakuwa na mtu kama huyo.

Wahaiti wale wangefungua madai ya kashfa? Mwanasheria atawauliza, "Ni nani kati yenu aliyetajwa?" Hakuna. Kanuni ya zamani, iliyothibitishwa na Mabwana wa Sheria wa Uingereza mwaka 1944 na kufuatwa na nchi nyingi zilizorithi sheria zao, ni kwamba maneno juu ya kundi kubwa hayampi mtu mmoja haki ya kudai, isipokuwa yamemlenga yeye waziwazi. Basi shirika moja la Wahaiti lilijaribu njia nyingine, likapeleka malalamiko ya jinai kuhusu kuzusha hofu na kuvuruga huduma za mji. Oktoba 2024 majaji wa pale hawakutoa hati ya kumkamata mtu. Walilipeleka jambo kwa mwendesha mashtaka. Wawili waliotajwa kwa majina walipata mlango, ijapokuwa mwembamba. Maelfu wasiotajwa hawakupata.

Yatupasa tukiri neno moja. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuliletewa habari ile ya paka kwa simu asubuhi moja, tukacheka, tukaipeleka kwa wenzetu wawili kabla ya chai. Hatukumfikiria Mhaiti yeyote. Hatukujua wakati ule kwamba ni ndugu zetu wa meza moja ya Bwana.

Turudi kwetu Kenya, kwa maana mama aliyeuliza hana kesi Ohio. Hapa sheria inaelemea upande mwingine: neno la kuchafua huhesabiwa kuwa si kweli mpaka aliyelisema athibitishe kuwa ni kweli. Hiyo ni nafuu kwa mnyonge. Lakini mdai hana budi kuleta maneno yenyewe kama yalivyosemwa, si maana yake tu, na kuonyesha kwamba yalimhusu yeye na yalisikiwa na mtu wa tatu. Maneno ya mdomo, isipokuwa katika mambo machache kama kumsingizia mtu kosa la jela, yataka pia ushahidi wa hasara. Madai yafunguliwe kabla ya miezi 12 kupita. Wengi huupoteza mwaka huo wakingoja mkubwa aombe radhi. Polisi nao si kimbilio, kwa kuwa kifungu cha 194 kilichoifanya kashfa kuwa jinai kilibatilishwa na Mahakama Kuu Februari 2017. Basi akisingiziwa mmoja wenu, aandike siku ile ile maneno, mahali, saa, na majina ya waliosikia, na amwone wakili mapema. Na waliosikia wakubali kuwa mashahidi! Tumeona kesi ikifa kwa sababu watu ishirini walikuwa mkutanoni, na siku ya kuitwa wote walikuwa hawakusikia vizuri.

Juu ya kabila au kundi zima, tulijifunza kwa damu. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008 nchi ilitunga sheria ya utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008, inayokataza maneno ya chuki ya kikabila. Hata hiyo yadai ithibitishwe nia ya kuchochea chuki, au kwamba chuki ilielekea kuchochewa, na wakubwa wana mithali na mafumbo ya kutosha.

Kwa makundi ya nyumba kwa nyumba, tumieni maswali haya. Barua ya Yezebeli ingeweza kukwama mikononi mwa nani, na ingemgharimu nini? Mkristo aliyeipitisha habari ya uongo bila kujua, amwendee nani kuungama, ikiwa aliyeumizwa hamjui wala hatamwona? Je, katika mtaa wetu kuna mtu ambaye jina lake tumelipokea likiwa limechafuliwa na mkubwa fulani, nasi hatujamsikiliza mwenyewe? Swali hilo la mwisho lijadiliwe bila kumtaja mtu. Majibu yaandikwe na kukabidhiwa kwa katibu wa parokia kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, naye mama aliyeuliza tunamkaribisha aje ayasikie yakisomwa.